Msiba wa Mahindi ya Digidigi

Haki ya Mungu tena! Nikidanganya hata neno moja, radi inipige hapahapa na kigoda changu! Sikilizeni, wanangu.

Hapo zamani za kale, mahindi yalipokuwa marefu mpaka mwezi unajikwaa, mama Digidigi alilima shamba la kulisha wanawe. Viwavi wakaingia. Kwaru! Kwaru! Wanene kama mkono wangu huu!

Jirani yake, Tembo, akaja na pipa la sumu.

"We kijiti! Nikupulizie? Kwangu nimepuliza kote!"

"Viwavi wamekwisha?"

"Wamerudi. Waliohama ni nyuki, kanga na sisimizi."

"Basi kaa na sumu yako, bwana masikio!"

Digidigi alijua dawa: majivu kwenye moyo wa kila mmea. Ila mfupi, hafiki! Na Tembo ukimwomba kazi, atacheka mpaka kesho. Lakini Tembo na Kiboko walikuwa watani zake, na mtani akisikia msiba lazima aje ampake mfiwa majivu.

Asubuhi akapiga yowe. "Uwiii! Mahindi yangu yamekufa!"

Watani hao, gidi! gidi! Tembo kajaza majivu kwenye mkonga.

"Mfiwa yuko wapi?"

"Niko huku, pua bomba!" akaita Digidigi, kajibanza katikati ya mahindi.

Fuuu! Majivu yakamkosa, yakatua kwenye mioyo ya mahindi.

"Umekosa! Niko huku!"

Fuuu! Mstari kwa mstari, shamba zima likawa jeupe. Viwavi wakadondoka pu! pu! pu!

"Kaburi tuchimbe wapi?" akauliza Kiboko.

"Shamba lote, mtani. Marehemu kausia uzio wa matete."

Kiboko akayapanda pande zote. Yakachipua. Nondo, mama zao viwavi, wakayapenda, wakataga hukohuko.

"Na chakula cha msiba?" akauliza Tembo.

"Sisi tumeshaanza!" wakajibu kanga waliokimbia sumu, do! do! do! wakimeza viwavi.

Wakati wa mavuno, mahindi manene! Ganda la moja tu ndilo nililoezekea banda langu.

Tembo akaduwaa. "Marehemu kafufuka?"

"Kafufuka, mtani. Na waganga ni ninyi."

"Kumbe tulikuwa vibarua!"

"Kibarua hulipwa, mtani. Ninyi mlikuja kutania."

Adui wa shamba hapigwi kwa rungu moja.

Ila msimsimulie mtu, wanangu. Tembo bado ana hasira, na kwangu anapajua.