Pimbi, Bingwa wa Mlima Hemahema

Hapo zamani za kale, pimbi alipokuwa bado anatembea barabarani mchana kweupe na kusalimiwa na kila mtu, wanyama walikuwa wakishindana mbio za baiskeli. Haya, sogeeni. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka kabisa sasa hivi, maana hadithi hii ina aibu mpaka mimi ninayeisimulia naona haya.

Pimbi alikuwa mpanda milima. Kwenye tambarare hakuwa kitu, upepo ulimyumbisha kama karatasi. Ndiyo maana mwenzake wa timu, Nyati, alitangulia mbele kumkinga upepo, na chupa za maji za wote wawili alizibeba yeye.

"Jifiche mgongoni kwangu, ndugu yangu," Nyati alimwambia. "Nguvu zako zitunze kwa ajili ya mlima."

Hilo halikuwa kosa. Ndiyo kazi ya timu. Lakini wakifika Mlima Hemahema, kila mmoja alipanda kivyake. Hapo Pimbi, mwepesi, miguu tik-tik-tik-tik, aliwaacha wote. Kileleni Kanga, mtangazaji wa mashindano, alipaza sauti: "Pimbi huyooo! Mvisheni jezi nyekundu ya bingwa!"

Sasa, sifa zina chakula, jamani! Bingwa akaalikwa harusi hii, akaalikwa ngoma ile. Pilau, maandazi, togwa. Jezi nyekundu ikaanza kumbana tumboni. Siku moja akiwa mazoezini peke yake, alifika katikati ya mlima, pumzi ikamwisha, akashuka akaikokota baiskeli. Akaangaza huku na huku kama kuna aliyemwona.

Je, alimwambia mtu? Thubutu! Alitafuta mshipi mwembamba wa kuvulia samaki. Ncha moja akafunga ndoano, ncha nyingine akapiga fundo. Siku ya mashindano, ukungu ulipowafunika mlimani, akainasa ndoano chini ya siti ya Nyati, akaliuma fundo kwa yale meno yake mawili ya mbele. Kisha akatulia, akavutwa.

"Uff! Uff!" Nyati alihema. "Mlima umekuwa mzito leo. Ndugu yangu, uko salama huko nyuma?"

"Mm!"

"Hata kuongea huwezi? Pole sana. Jikaze!"

"Mm!"

Karibu na kona ya mwisho, kabla watazamaji hawajawaona, Pimbi alinasua ndoano, akautia mshipi mfukoni, akachomoka na miguu ambayo haijachoka hata kidogo. Fyuuu! Nyati akaja nyuma yake, ulimi nje.

"Pimbi huyooo!" akapiga kelele Kanga.

Ikawa hivyo shindano hili na lile. Lakini jioni moja mke wa Pimbi, Mama Kijiwe, aliona ugali unapoa.

"Baba Kijiwe, mbona huli? Bingwa gani wa kutazama sahani?"

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Haya, umesikia habari za kaka Nyati? Shindano hili linalokuja ndilo la mwisho kwake. Anasema nguvu zimemwisha, mlima unamshinda. Baiskeli yake anakupa wewe, umwekee Kijiwe wetu mpaka akue."

Pimbi alihisi masikio yanawaka moto. "Mwambie asiache!"

"Nimwambie mimi? Mimi ndiye ninayepanda naye mlima?"

Pimbi aliapa kuuacha mshipi nyumbani. Lakini asubuhi ya shindano, mkono wake wenyewe ukauchukua na kuutia mfukoni. Alijiambia ni leo tu, kisha basi.

Ukungu ukashuka. Ndoano ikanasa. Fundo likaingia menoni. Nyati akaanza kupanda, mnyororo unalia kwii, kwii, na safari hii hakuhema tu. Alikuwa analia.

"Ndugu yangu," alisema bila kugeuka, "wewe ndiye nitakayekukumbuka zaidi. Nisamehe kama siku hizi nakuchelewesha. Uzee huu umenijia vibaya. Nilidhani bado ninazo nguvu, kumbe najidanganya."

Pimbi angeweza kusema "Mm!" Alikuwa ameshaizoea. Lakini safari hii aibu ilimshinda.

"Kaka, hujazeeka!"

Lo! Kuongea ni kufungua mdomo, na mdomo ndio ulioshika fundo. Pwaa! Fundo likamponyoka. Nyati akafyatuka kama jiwe la kombeo, akapotea ukunguni. Pimbi naye, pamoja na pilau zake zote, akarudi kinyumenyume. Kwiri-kwiri-kwiri, pu! Mtaroni.

Huko kileleni Kanga alikuwa ameshaanza: "Pimbi huyo... He! Nyati! Ni Nyati huyooo!"

Watu wakashangilia. Kisha wakaona mshipi unaoburuzika nyuma ya baiskeli ya Nyati, na kwenye fundo alama za meno mawili marefu. Hakuna aliyeuliza ni meno ya nani. Kelele zikazimika.

Pimbi alifika wa mwisho, akikokota baiskeli, matope mpaka kwenye kope. Nyati alikuwa amesimama na fundo mkononi.

"Tangu lini, ndugu yangu?"

"Tangu jezi iliponibana tumbo."

Nyati alilitazama fundo. "Nami nilimwambia mke wangu kuwa mimi si kitu tena."

Pimbi aliinamisha kichwa akisubiri pembe. Angefurahi kuipata. Badala yake Nyati alimpa chupa ya maji.

"Kunywa. Leo umepanda kwa miguu yako."

Pimbi aliiweka chupa chini. Akaanza kuvua jezi nyekundu, ikagoma tumboni, ikabidi Kanga amsaidie kuivuta mbele ya umati wote, huku watu kama wewe uliye huko nyuma wakicheka. Ilipotoka tu, alikimbilia mawe yaliyo karibu, shwaa! Akaingia mwambani.

Nyati aliendelea kushindana. Pimbi yuko mawemawe mpaka leo, na akisikia tu kengele ya baiskeli, kring! hutamwona tena.

Basi, wanangu, ukivutwa kisirisiri na mwenzako, sifa zitakuwa zako, lakini iko siku itabidi umtazame machoni.