Siku Kibibi Alipoulizwa

Wenye masikio mpo?

Tupo!

Niwape au ninyamaze?

Tupe!

Haya, nawapa, ingawa nimechoka. Hadithi hii kila nikidhani nimeimaliza, watu huniletea tena mlangoni.

Hapo kale paliondokea mji wa Ngarawe. Sheria ya huko ilikuwa hivi: mtu mzima akichoma ghala, anafukuzwa, harudi tena. Ila watu wazima wote sharti wakubali, na mmoja akikataa, basi. Jamaa za mkosaji tu ndio hawaulizwi.

Kulikuwa na mtoto, Kibibi, meno ya utoto bado yanamng'oka. Aliishi na bibi yake, Bi Mwanaate. Siku moja akachoma mahindi karibu na ghala la Mwinyi Fumo. Upepo ukaja. Ghala likawa majivu, na chakula cha mji cha mwaka mzima ndani yake.

Watu wakawaka. Wakasema moto wa mtoto unaunguza sawa na wa mkubwa, basi na ahukumiwe kama mkubwa. Njaa ilikuwa inawatazama, jamani, siwalaumu sana.

Jumbe, mkuu wa mji, akauliza mmoja mmoja. Mfinyanzi akasema, "Nakubali." Mhunzi akasema, "Nakubali." Mwinyi Fumo, macho mekundu, akasema, "Nakubali."

Bi Mwanaate akasimama. Alikuwa mjanja huyo. "Mmesema ni mtu mzima. Basi naye aulizwe."

Wakanong'onezana, wakakubali aulizwe. Bibi akatabasamu kidogo. Nani atakubali kujifukuza mwenyewe?

Jumbe akamgeukia mtoto. "Kibibi, unakubali uondoke?"

Kibibi akainamisha kichwa, kama alivyofundishwa mbele ya wakubwa.

"Nakubali, babu." Kisha akauliza, "Nitarudi kabla ya jioni? Bibi haoni vizuri, mimi ndiye ninayemfungia mbuzi."

Bi Mwanaate akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Ndipo Mwinyi Fumo, mwenye ghala, akainuka polepole. "Mimi nalirudisha neno langu. Huyu hata hajui anapelekwa wapi."

Kibibi akabaki. Msimu mzima alibeba nyasi za kuezekea ghala jipya, analia, anabeba. Na njaa ikawauma wote, Mwinyi Fumo kwanza.

Mwaka uliofuata mtoto mwingine akachoma ghala. Mnadhani walikumbuka? Walikaa, wakaanza upya: huyu tumhukumu kama mkubwa?

Hadithi imefika kwao, nami naenda kwangu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi, nimeshaizoea.