Aliyesimama Foleni kwa Jina la Singano

Kwanza apa. Weka kiganja kifuani useme: haya nitakayoyasikia hayatavuka kizingiti changu, na yakivuka, ugali wangu uwe na madonge mwaka mzima. Umeapa? Vizuri. Aliyeyaleta naye aliapa hivyohivyo, na aliyemletea yeye aliapa mpaka machozi yakamtoka, na ndiyo maana mtaa mzima unayajua. Sogea basi, usije ukayasikia nusu ukaenda kuyamalizia mwenyewe.

Hapo Korogwe, mtaa wa Manundu, palikuwa na vijana wanne.

Kihiyo, fundi redio, alijaliwa kukaa. Akikaa, amekaa. Nzi anaweza kumtulia puani, akatembea, akamaliza shughuli zake, akaondoka, na Kihiyo hajapepesa jicho.

Chiku, fundi cherehani, alijaliwa masikio. Mchele ukioshwa nyumba ya tatu, anakwambia ni kilo au nusu, na kama una mawe.

Mbelwa, kinyozi, alijaliwa kukumbuka. Neno likitamkwa kwenye kiti chake cha kunyolea, halitoki tena kichwani mwake. Wanaojua walinyolewa kimya.

Na Mwantumu. Huyu hakujaliwa kitu cha ajabu, ila kaka. Na kaka mwenyewe, Singano, alikuwa amekufa.

Wote wanne huyo marehemu ndiye aliyewafunga pamoja. Kihiyo alikuwa rafiki yake, Chiku mchumba wake, Mbelwa mtoto wa mjomba wake. Nyumbani alibaki Mwantumu na mama yao, Bi Mkunde, mwanamke mpole, mwenye stoo iliyofungwa kwa kufuli kubwa kuliko vilivyomo.

Singano akiwa hai alicheza gemu la kwenye simu linaloitwa Mji wa Ukungu. Watu wa nchi zote hukutana humo wakajenga, wakatembeleana, wakagombana kama wako sokoni. Singano alijenga humo nyumba kama ya kwao hasa, na baraza lake, na hata ufa wa ukuta wa jikoni hakuuacha. Siku chache kabla ya homa iliyomuua, alimwandikia dada yake: "Mwantu, njoo nyumbani kwangu kwenye gemu. Nimekuwekea kitu, nimekisema kwa sauti yangu."

Mwantumu alikuwa amemnunia. Kisa pasi aliyoiacha juu ya gauni. Akamjibu: "Sina muda wa michezo ya watoto. Kaa na nyumba yako."

Siku ya nne yake wakamzika.

Sasa mji ule una sheria. Nyumba isiyoingiwa siku mia hufutwa, siku ya mia jua likizama, pamoja na kila kilichomo. Tena haifunguki ila kwa jina la mwenyewe na neno lake la siri. Mwantumu aliijua sheria hiyo arobaini ilipokwisha, na toka hapo hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kusikia kaka yake alisema nini kabla hajajibiwa vile.

Akaliweka gemu kwenye simu yake, akaandika jina la Singano, akabonyeza kuingia. Neno la siri hakulijua. Alisema atalikisia mlangoni.

Lakini mlangoni kunafikika? Gemu lilikuwa limefungua mtaa mpya, na kila mtu anataka kuuona. Seva, ile kompyuta kubwa inayokaa huko mbali na kupokea wageni wote, ikaelemewa. Mwantumu akaandikiwa: "Upo kwenye foleni. Watu 41,206 mbele yako. Tunaomba radhi."

Kila siku wanaomba radhi, na kila siku foleni inarefuka. Watu walisubiri toka chai ya asubuhi, wakabakiza kumi tu, mtandao ukakohoa kidogo, wakarudishwa mkiani. Kuna waliolia. Kuna mmoja huko Masuguru aliitupa simu kwenye sufuria ya supu, na supu ikanywewa.

Mwantumu hakuogopa. Yeye ni mtoto wa bombani, na bomba la Manundu lina adabu yake. Ndoo yako ikisimama kwenye foleni, wewe umesimama. Nenda kapike, nenda kasuke nywele. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako ataisogeza ndoo yako kwa mguu, na hakuna wa kuuliza mwenyewe yuko wapi. Basi akaiegemeza simu dirishani kama ndoo, akaenda zake kuchambua maharage.

Kumbe foleni ile haina adabu ya bombani. Kila baada ya dakika kumi hupiga kingoma, du-du, ikauliza kwa jina: "Singano, bado upo?" Chini yake pana kitufe cha kijani: "Nipo." Usipokibonyeza, unatolewa.

Aliporudi na maharage yake alikuwa ametolewa. Akatukana kidogo, akajaribu tena. Simu ikajibu:

"Singano ameshasimama kwenye foleni. Watu 39,871 mbele yake."

Mwantumu akageuka akatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Pazia tu, nalo lilikuwa limetulia.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Kila akijaribu anaambiwa Singano ameshasimama, na saa kwa saa, kutwa nzima, watu walio mbele yake wanapungua. Elfu thelathini. Elfu tisa. Mia nne. Maiti amezikwa kwa macho ya watu, na huku anasogea.

Hata mama yake akamwambia, "Liache hilo gemu, mwanangu. Mtu akishaondoka muache." Akasema hivyo huku anajifuta mikono kwenye kanga, hamtazami. Simu ya marehemu, alishasema siku nyingi, amempa mjomba wa Handeni.

Siku ya tisini ya ile mia, Mwantumu akawaita wale watatu.

"Mnisaidie," akasema. "Kuna mtu yuko foleni kwa jina la kaka yangu. Na kama si mtu, nataka kujua vilevile."

"Mimi nanyoa walio hai," akasema Mbelwa.

Kihiyo akachukua simu, akakaa. Alikaa siku tisa, anabonyeza, anasoma, anabonyeza, anasoma. Siku ya mia, jioni, akainua kichwa.

"Huyo mtu hulifikia lango," akasema. "Hapo hutakiwa aandike neno la siri. Haandiki. Husimama robo saa nzima, kimya, kisha hurudishwa mkiani. Akianza tena, anaanza bila kuchoka. Ila kuna jambo. Kila siku, mchana na jioni, hutolewa kwa kutojibu. Saa ileile. Saa ya kusonga ugali."

Wakatazamana.

"Mzimu gani," akauliza Kihiyo, "unaacha foleni ukasonge ugali?"

"Sasa hivi yuko wapi?" akauliza Mwantumu.

"Amebakiza watu ishirini."

Ilikuwa saa kumi na mbili. Chiku akavua hereni, akazishika mkononi, akafumba macho katikati ya uwanja. Walio bombani wakanyamaza, wakafunga bomba lenyewe. Chiku alisikia majivu yakikaa jikoni. Alisikia kuku akifikiria kutaga. Kisha akasikia, mbali na karibu kwa pamoja, kingoma kidogo. Du-du.

"Simu hii haijalia," akasema Kihiyo.

"Si hiyo." Chiku akaanza kutembea, macho bado kayafumba, mkono mbele. Watu wakamfuata, wa bombani wakaziacha ndoo zao zisimame peke yake, wakaja wote. Akavuka uwanja, akapita jikoni, akasimama mbele ya stoo. Kufuli kubwa lilikuwa linaning'inia wazi.

Ndani mlikuwa na sauti, inasema polepole kama mtu anayebembeleza: "Nipo, baba. Nipo."

Mbelwa alitaka kukimbia, akakanyaga ndoo ya jikoni. Mwantumu akausukuma mlango.

Bi Mkunde alikuwa ameketi juu ya gunia la mahindi, simu ya marehemu mkononi, kidole chake bado kiko juu ya kitufe cha kijani. Mtaa mzima ukamwona. Hakuwa na pa kuificha.

"Mama!" akasema Mwantumu. "Si ulisema iko Handeni? Miezi miwili unanizibia njia!"

"Nikuzibie wewe njia ya wapi?" akasema Bi Mkunde. "Siku ya arobaini niliiwasha nione picha yake, gemu lake likafunguka lenyewe. Ikapiga hako kangoma, ikaandika. Mnajua mimi nasoma kwa kuunga. Si-nga-no. Ba-do u-po." Akamtazama kila mmoja. "Semeni basi. Wewe ungeulizwa mwanao kama bado yupo, ungenyamaza?"

Akaigeuza simu wayaone maandishi.

"Nikaona namba zinapungua. Nikasema, kuna mahali anakwenda, na foleni ni ndefu, na yeye hayupo. Ndoo ya mtu huisogezi? Nimemsogezea."

Hapohapo simu ikang'aa mikononi mwake. Foleni imekwisha. Lango limefikiwa. "Andika neno la siri."

"Hapa ndipo huwa nakwama," akasema Bi Mkunde.

Watu wote wakamgeukia Mbelwa, aliyekuwa bado ana maji ya ndoo miguuni. Akafumba macho. "Ijumaa ya mwisho ya mfungo," akasema. "Mvua inanyesha. Nilikuwa nimefika nyuma ya sikio la kulia. Akaniambia, Mbelwa, mimi neno langu la siri nimelipa jina la yule mbuzi aliyekula kanga ya mama ya sikukuu. Tausi."

Mwantumu akaandika: Tausi.

Lango likafunguka.

Ukungu ukapasuka, na ile nyumba ikatokea. Baraza lilelile. Ufa uleule. Ndani, kwenye rafu, vimepangwa vibuyu vitano vimezibwa, kila kimoja kina jina: Mama. Mwantu. Chiku. Kihiyo. Mbelwa. Kila kimoja kina sauti yake ndani, na chini ya rafu maandishi yakatokea neno baada ya neno, taratibu, kama yanavyoandikwa na mtu: "Jua linazama, na nyumba ya siku ya mia haiokolewi. Kibuyu kimoja tu kitazibuliwa. Vingine vitaondoka na ukungu. Bonyeza kimoja."

Na jua la Korogwe nalo lilikuwa limeshagusa mabati.

"Ni changu," akasema Chiku kwa sauti ndogo. "Ningekuwa mkewe mwezi huu. Na bila masikio yangu mngekuwa bado mnauogopa mzimu."

"Ungesikiliza nini, kama mimi nisingekwambia yuko hai anasonga ugali?" akasema Kihiyo. "Siku tisa, Chiku. Miguu yangu imesahau kutembea."

"Wote mngebaki langoni mnatazamana," akasema Mbelwa. "Yupi kati yenu angetoa neno la siri? Nani alilishika?"

"Vijana mnagombana nini," wakasema wa bombani, "mama mwenyewe si huyu? Nani alisimama siku sitini? Foleni ya watu elfu arobaini, mngeingia leo kwa mguu wa nani?"

"Ndiye aliyetuzibia!" akasema mwingine.

"Ndiye aliyetushikia!"

 Bi Mkunde alikuwa anakitazama kibuyu chake kama mtu anayetazama mtoto aliyelala.

Na Mwantumu? Alikuwa amesogea hatua moja karibu na simu. Yeye ndiye aliyewakusanya. Yeye peke yake ndiye aliyeitwa, "njoo nyumbani kwangu," akakataa. Ndani ya kibuyu kile kimoja mna neno la kaka yake la mwisho kwake, na hajui kama kaka alilisema kabla hajatukanwa, au alirudi akalisema upya baadaye, ameumia.

Ndipo simu ikapiga kingoma. Du-du.

Kelele zikakatika.

"Haiwezekani," akasema Kihiyo.  "Ukishaingia ndani haliulizi tena. Halina cha kuuliza."

Maandishi yalikuwa pale, juu ya vibuyu vyote vitano. Lakini safari hii hayakumtaja Singano. Yaliandikwa tu: "Bado mpo?"

Kitufe cha kijani hakikuwapo.

"Tupo, baba," akasema Bi Mkunde.

Na wakati kila mtu anamtazama Bi Mkunde, Chiku akasikia kitu ambacho hakuna mwingine angekisikia: kucha ikikwaruza ukingo wa simu. Akarusha mkono, akaudaka mkono mwingine kwenye kifundo, akauinua juu mbele ya kadamnasi. Ulikuwa wa Mwantumu. Kidole kilikuwa kimekwisha kunyooka, kimebakiza unywele mmoja tu kukifikia kibuyu chake mwenyewe.

"Mwantu!" akasema mama yake.

Mwantumu hakukana. Angekana nini, kidole ndicho hicho? Alilia tu, na mkono wake ukiwa juu, na jua likibakiza ukucha.

Haya. Wameganda hivyo, na ukungu umeanza kuingia dirishani mwa ile nyumba. Mmoja alikaa, mmoja akasikia, mmoja akakumbuka, mmoja akasogeza ndoo ya mtu asiyerudi, na mmoja aliitwa kwa jina akachelewa. Chiku ameushika ule mkono: auachie urudi palepale ulipokuwa, au ausogeze kando, na ausogeze kwa nani? Wewe uliyeapa, ungekishusha kidole kile juu ya kibuyu cha nani? Ninong'oneze. Sitamwambia mtu.