Rufaa ya Bomba Linalovuja

Sihaba, binti mwenye ulimi laini, aliifundisha kompyuta kusoma mita za maji na kutambua nyumba ambayo bomba lake linavuja. Akapewa hataza, yaani haki ya kuimiliki mbinu hiyo peke yake. Tajiri Rwezaula, aliyeitaka bure, akakata rufaa.

"Mbinu yenyewe iko wazi, Mheshimiwa," alimwambia mwenyekiti wa baraza la rufaa. "Hata mpishi wangu angeibuni."

Sihaba akainuka kwa adabu. "Labda ni kweli, mzee wangu. Nikutajie hatua, uniambie ipi ngeni kwako?"

"Taja, binti."

"Kompyuta ikusanye namba za mita zote."

"Wazi!"

"Izitupilie mbali za saa ambazo watu wamelala, ibakize za saa wanazooga na kufua."

"Wazi kabisa! Wataalamu wangu hufanya hivyo hivyo miaka yote." Rwezaula alijiona ameshashinda, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Penye maji mengi, ndipo panapovuja."

"Mtoto wa chekechea analijua hilo!"

"Naomba yaandikwe, Mheshimiwa," Sihaba akasema. Yakaandikwa.

"Sasa hebu someni hataza yangu. Mimi hubakiza za saa ambazo watu wamelala, maana maji yanayotembea wakati hakuna anayeyatumia ndiyo yanayovuja. Kwa hatua alizozikubali mzee wangu, fundi angevunja ukuta wa kila anayeoga."

Mwenyekiti alijifunika uso kwa faili, mabega yakitikisika. Rufaa ikatupwa, na Rwezaula akatoka akiomba maji ya kunywa.