Ua Lililovimba

Ndugu zangu, palikuwa na mama mmoja mchora hina, fundi hasa. Bibi harusi akipita, watu husema, "Huo mkono wa fulani," na yeye kichwa kinamvimba. Haki yake, maana alikuwa hodari kweli.

Ikatokea harusi ya haraka. Hina inataka muda ishike, naye muda hakuwa nao. Akachora kwa piko, ile rangi nyeusi ya nywele, kama wafanyavyo wengi. Bibi harusi aliwahi kuipaka, haikumdhuru. Lakini asubuhi ya ndoa binti akaamka analia, "Mama, mikono inaniwaka!" Ua zima limevimba, kila jani, kila kikonyo.

Wakakimbilia hospitali, fundi wetu pamoja nao. Mama yule alijua kuwa jina lake ndilo linaloungua.

"Daktari, sumu inajuaje kuchora ua?"

"Ua umelichora wewe, mama. Huu uvimbe ni askari wa damu. Ngozi ikichokozwa hupiga yowe, na askari hao wana masikio yao ya kusikia yowe la ngozi. Wakilisikia hutoka kwenye damu, wakafika pale pale."

Mama akautazama mkono. Katikati ya aibu yake, ufundi ukamshinda. "Hawakutoka nje ya mstari," akasema, karibu kwa fahari.

"Hawakutoka. Ila walimfuata nani? Rangi tu, si adui. Sasa wanazidi kuitana, na wanaichoma ngozi waliyokuja kuilinda."

Akampa binti dawa ya kuwatuliza askari hao, naye binti akaolewa jioni ile, mikono imefunikwa kwa mtandio.

Jamaa zangu, mtaa huu una masikio. Nyumba ya mjane jirani yetu iliposhika moto, nani alichelewa? Ndoo zetu zilifika kabla ya gari la zimamoto! Nilijivunia, na bado najivunia kuitwa mtu wa hapa.

Na juzi, lilipopigwa yowe la mwizi, nani alichelewa? Hakuna. Tulifika wote, pale pale. Yule kijana tuliyempiga bado amelazwa hospitali, jicho moja halifunguki. Alikuwa anaulizia nyumba ya shangazi yake.

Masikio tunayo, wallahi, tena mazuri. Lakini wale askari wa damu hawakupewa ulimi wa kuuliza, "Wewe ni nani, mwanangu?" Sisi tumepewa.