Kengele ya Kahawa

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, ni hii ya karibu ambayo bado ina watu wanaoikumbuka, kule milima ya Upare palikuwa na mama kijana aitwaye Naetwe. Mume wake alikuwa mbali kikazi. Nyumbani alikuwa na mama mkwe wake, Bibi Nangasu, na mtoto wake mmoja wa kike, Mkunde, miaka mitano. Na mbwa. Mbwa wa rangi ya kahawa, jina lake Kahawa.

Siku moja nyoka alitoka kwenye migomba, akamwendea mtoto. Kahawa akaingia katikati. Nyoka akamuuma Kahawa, hakumuuma mtoto. Jua halijafika utosini, mbwa amekufa. Wakamzika juu kidogo ya ndiva, lile bwawa la maji ya kumwagilia mashamba, kwa sababu udongo wa pale haukatai jembe.

Mkunde akalia. Akalia siku ya kwanza, akalia ya pili, akalia ya tatu, uji hanywi, kubebwa hataki. Ndipo akaanza kuwauliza watu, mmoja mmoja.

Akamuuliza bibi yake. "Bibi, Kahawa amekwenda wapi?"

"Yuko mlangoni pa mbinguni, mjukuu wangu. Amelala pale. Haingii mpaka apokewe, na akichelewa kupokewa atakungoja wewe, muingie pamoja."

Mtoto akasikia, akaenda.

Akamuuliza Mwinjilisti Elinazi, aliyekuwa akiliongoza kanisa lao dogo. "Mwinjilisti, Kahawa amekwenda wapi?"

"Hajakwenda popote, mwanangu. Yesu alimfia mtu, hakumfia mbwa. Kahawa ni udongo sasa, basi. Futa machozi."

Mtoto akasikia, akaenda.

Akamuuliza Mzee Mbonea, mpiga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo nje ya kanisa. Ikigongwa haraka haraka, kuna mtu amepotea ukunguni, afuate sauti arudi. Ikigongwa moja, kimya, moja, kimya, kuna Mkristo amekufa, na watu husema: sasa amepokewa.

"Babu, mbona Kahawa hukumpigia?"

"Ile ya msiba siigusi mpaka Mwinjilisti atoe neno. Na kwa mbwa hatalitoa."

"Sasa atapokewaje?"

Mzee akatazama viatu vyake. Mtoto akaenda.

Mwisho akamjia mama yake. Naetwe alikuwa anachambua mboga, amechoka, kichwa kinamgonga kwa kile kilio cha siku nne, na jirani ameshasema, na mama mkwe ameshasema, na yeye mwenyewe hajui aseme nini. Akasema, "Nyamaza tu, Mkunde. Ukinyamaza utamsikia." Alitaka utulivu kidogo, hakutaka kingine.

Mtoto akanyamaza.

Na kule kunyamaza ndiko kulikomtisha Naetwe kuliko kilio. Mkunde alikuwa akikaa kizingitini, ametega sikio kama anayesikiliza redio ya nyumba ya tatu, halafu anatabasamu. "Umeona nini?" "Sijaona, mama. Nimesikia." Akiweka tonge la ugali nyuma ya nyumba, ukigeuka halipo. Bibi Nangasu akasema ni kunguru. Naetwe alitaka sana wawe kunguru. Akakaa nyuma ya nyumba adhuhuri nzima akiwangoja hao kunguru, hakumwona hata mmoja.

Siku ya saba, mchana, ukungu ukashuka. Ule mzito, ukinyosha mkono huuoni. Naetwe akaingia ndani kugeuza chungu, akatoka, kizingiti kitupu. Akaita. Hakuna. Kisha akasikia mbwa anabweka, mara moja tu, upande wa ndiva. Na kwenye kilima kile hapakuwa na mbwa mwingine.

Akakimbia hadi kanisani, akipiga mayowe njia nzima, watu wakatoka majumbani. Akawaambia, pumzi inakatika, "Mkunde ameingia ukunguni, anamfuata mbwa wake. Atakayenirudishia mwanangu ndiye atakayemjibu habari za huyu mbwa. Naapa mbele yenu. Neno lake litakuwa neno la nyumba yangu, mimi langu sitalitia."

Watu wakaingia ukunguni wakiita Mkunde, Mkunde. Bibi Nangasu akaita, Mwinjilisti Elinazi akaita. Mzee Mbonea akashika nyundo, Naetwe amesimama pembeni yake, anangoja ile ya haraka haraka.

Mzee akagonga. Moja. Kimya. Moja. Kimya.

Na kule ukunguni sauti zikaanza kuzimika, hii, na hii, na ile, maana kila aliyesikia alidhani mtoto ameshakufa. Wanaume wakavua kofia. Wanawake wakaweka mikono kichwani. Wakaanza kurudi, taratibu, kama watu wa msibani. Ikabaki sauti moja tu inayoita, ya Elinazi, mbali, chini kabisa.

Kisha nayo ikanyamaza.

Baada ya muda Elinazi akatokeza, amembeba Mkunde. Alikuwa amemkuta kwenye njia ya ndiva, hatua kumi tu kutoka majini, ameyapa maji kisogo, anatembea kurudi nyumbani.

Wakampeleka nyumbani, wakamvalisha nguo kavu, akapewa uji, akaunywa wote. Naetwe alipolikunjua lile gauni alilomvua akaona upindo wa nyuma umelowa ute, na una matundu manne, mawili juu, mawili chini.

"Mwanangu, ilikuwaje?"

"Kahawa alikuwa ananiita kule mbele, ndani ya maji. Nikaenda. Halafu nikavutwa gauni nyuma. Halafu kengele ikapiga ile ya kupokewa, nikajua ameingia, haningoji tena. Nikarudi." Akafikiri. "Mama, aliyeniita mbele na aliyenivuta nyuma, Kahawa ni yupi?"



Mzee Mbonea akaanza. "Kumjibu ni haki yangu. Ile ya haraka humwita mtu anayetaka kurudi. Huyu hakutaka kurudi. Nikampigia mbwa wake, nikavunja amri, na kengele ndiyo iliyomgeuza. Nitamwambia: Kahawa amepokewa, yamekwisha."

"Umepiga, na kijiji kizima kikarudi nyuma," akasema Elinazi. "Angekuwa amezama nusu, angetolewa na nani? Mimi peke yangu nilijua hakuna aliyekufa, kwa sababu neno sikulitoa. Nimemtafuta mimi, nimembeba mimi. Na nitamwambia kweli: mbwa ni udongo. Hakuna aliyeita, kwa hiyo hakuna wa kumfuata."

"Hakuna aliyeita," akasema Bibi Nangasu. "Na wewe kule chini hukusikia kubweka?"

Elinazi akajifuta paji la uso.

"Bila ule mlango wangu wa mbinguni, hiyo kengele ingemwambia nini mtoto? Kelele za chuma tu."

"Mlango wako ndio uliomtoa nyumbani, mama. Na Maandiko yanasema mbwa watakuwa nje."

"Nje ya mlango. Ndipo nilipomweka, Mwinjilisti."

Mzee Mbonea akacheka, akajifanya anakohoa.

"Na kabla yangu mimi na kabla yenu," bibi akaendelea, "yupo aliyemvuta. Mpeni na yeye haki yake."

"Hiyo ni miiba," akasema Elinazi.

"Miiba haina mate."

Naetwe alijua jambo ambalo hao hawakulijua, ni nani aliyemwambia mtoto anyamaze ili asikie. Alilibana mdomoni, na alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba neno lake halimo. Mkunde akaweka kikombe chini, akawatazama mmoja mmoja. Akiambiwa Kahawa ndiye aliyeita mbele, atarudi majini. Akiambiwa ndiye aliyevuta nyuma, atauliza aliyeita ni nani. Akiambiwa hakuna, gauni hilo hapo.

Haya, ninyi mnaosikiliza. Mbonea alimgeuza, lakini aliwarudisha waliokuwa wanamtafuta. Elinazi alimbeba, lakini alimkuta tayari amegeuka. Nangasu alimpa sababu ya kurudi, na ndiye aliyempa sababu ya kwenda. Na yule mwenye meno alimvuta, lakini hana kinywa cha kusema, na hatujui kama ndiye yeye yule aliyeita. Kiapo ni kimoja, jibu ni moja, mtoto anangoja.

Je, nani alistahili kumjibu Mkunde?