Bangili Iliyokataa Kutoka

Mpaka leo sijaweza kujua kama mkono wa Bi Thuwaiba, tajiri wa mtaa wetu, ulinenepa kweli wiki ile ya harusi, au ulinenepa kwa maneno tu. Aliazima bangili ya fedha ya jirani yake Mize aende nayo harusini, urithi pekee Mize alioachiwa na mama yake. Mize alipoifuata, tajiri yule alimjibu mbele ya wanawake wote wa mtaa: "Haitoki, shoga. Siku ikitoka yenyewe, ichukue."

"Basi na ikae, dada. Imekupendeza."

Kesho yake Mize alirudi na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe. Kwanza akayakaangia samaki, na Bi Thuwaiba akala mpaka akaramba vidole.

"Na kichwani je, yanafaa?"

"Nywele zitang'aa mpaka mawifi zako wanune. Ila yanataka mkono wa mwenyewe, na usiyafanyie ubahili."

Bi Thuwaiba akajaza kiganja, akainua mikono, akasugua. Mafuta yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Usifute, dada! Viwiko navyo vimepauka. Sugua hivyo hivyo."

Akasugua. "Haya, nipe kitana."

"Kipo hapo miguuni pako."

Bi Thuwaiba akainama, akanyoosha mkono. Bangili ikateleza, ikaanguka mkekani, ikabingirika hadi kwenye goti la Mize.

"Umeniibia!"

"Mimi sijakugusa, dada. Hukumu uliitoa mwenyewe, mafuta yameitekeleza."

Akavaa bangili yake. Chupa akamwachia.